Gurudumu Linapounguruma: Beringi za Gari na Usalama wa Familia

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, umeketi kando ya barabara. Barabara Kuu ya TANZAM huupasua katikati ikielekea Tunduma na mpaka wa Zambia, na juu yake hupita, usiku na mchana, malori yenye shehena za Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya, magari madogo ya abiria ya Mlowo na Tunduma, na pikapu ziletazo kahawa na mahindi kutoka vijiji vya Mbozi. Si ajabu basi kwamba familia nyingi mjini humo hula, husomesha watoto na kujenga nyumba kwa jasho la magurudumu manne.

Mwenye gari akiulizwa habari za chombo chake, atakueleza vizuri juu ya injini. Atakueleza juu ya matairi, maana huyaona kwa macho, na juu ya breki, maana huzikanyaga kwa mguu kila siku. Lakini kuna kitu kingine, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, ambacho hubeba uzito wote wa gari na watu waliomo, na ambacho wengi hawakikumbuki mpaka siku gurudumu linapokataa kwenda. Kitu hicho ni beringi.

Ndugu msomaji, aghalabu beringi haifi ghafla. Hulalamika kwanza, tena kwa muda mrefu, na ayasikiaye malalamiko yake mapema hulipa gharama ya beringi peke yake. Anayeyapuuza hulipa beringi, habu, ekseli na breki, na pengine hulipa kitu kisichouzwa katika duka lolote.

BERINGI NI KITU GANI?

Chukua kitabu kizito ukisukume juu ya meza, utaona kinakwama. Sasa weka penseli tatu za mviringo chini yake, kisha ukisukume tena. Kitakwenda kwa kidole kimoja. Kitu kinachoburuzwa hupambana na msuguano mkubwa, bali kitu kinachobingirika hupambana na msuguano mdogo sana. Hiyo ndiyo siri yote ya beringi, na jaribio hilo mzazi aweza kuwaonyesha watoto wake jioni moja mezani.

Beringi ya gurudumu ina pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine. Katikati yake zimepangwa gololi za chuma, au rola zenye umbo la vipande vifupi vya fimbo. Kizimba chembamba huzitenganisha zisigongane, grisi huzilainisha, na mpira wa pembeni, ambao mafundi huuita sili, huzuia grisi isitoke na vumbi na maji yasiingie. Pete moja hukaa imara mahali pake, ya pili huzunguka pamoja na gurudumu, na kati yake gololi hubingirika maelfu kwa maelfu ya mara katika safari moja ya Tunduma.

Ufundi huu una historia ndefu. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mfua vyuma wa Carmarthen katika nchi ya Wales, alipewa hataza ya kutumia gololi katika ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi nchini Marekani, alipata hataza ya beringi yenye rola zilizopungua unene upande mmoja, ambayo huhimili uzito wa kutoka juu pamoja na msukumo wa kutoka ubavuni gari linapokata kona. Naye Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo cha Gothenburg nchini Sweden, alichoshwa na beringi zilizoharibika mara kwa mara mitamboni mwake, akabuni yake mwenyewe. Mwaka 1907 ikazaliwa kampuni ya SKF.

Umuhimu wa kitu hiki kidogo ulionekana hata vitani. Mwaka 1943 ndege za Marekani ziliushambulia kwa mabomu, mwezi Agosti na tena mwezi Oktoba, mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani. Sababu ilikuwa moja: huko ndiko kulikokuwa na viwanda vikubwa vya beringi, na jeshi lisilo na beringi halina ndege, vifaru wala malori.

BARABARA, MATOPE NA UZITO

Wakazi wa ukanda huu wanajua tangu zamani jinsi barabara inavyoweza kuvila vyuma. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya petroli. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, yakipita Mbeya na Tunduma juu ya barabara ya udongo iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wageni waliibandika jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, lami ilipotandazwa, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, mateso hayo yalipungua.

Lami leo ipo. Hata hivyo, gari la Vwawa haliishi juu ya lami peke yake. Huiacha barabara kuu na kuingia njia za vijijini kufuata mazao, na kuanzia Novemba hadi Aprili hukanyaga madimbwi na matope. Sili iliyochoka hupitisha maji; maji huiharibu grisi na kuleta kutu; vumbi laini likichanganyika na grisi hugeuka kuwa kama msasa. Kisha hufika mteremko kama ule wa Senjele, ambako dereva hushikilia breki kwa muda mrefu. Joto la breki huhamia kwenye habu, na grisi duni huyeyuka na kuvuja.

Adui mwingine ni uzito. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Sweden, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walichapisha kanuni ya kukadiria umri wa beringi ambayo wahandisi wa dunia nzima huitumia hata sasa. Kwa beringi ya gololi, ukiuzidisha uzito mara mbili, umri haupungui nusu kama mtu anavyoweza kudhani; hupungua mpaka sehemu moja ya nane. Kwa beringi ya rola hupungua zaidi, karibu sehemu moja ya kumi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme gari la abiria tupu lina kilo 1,500. Watu wanane wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 520, na jumla ni kilo 2,020. Huo ndio mzigo wa haki. Sasa kondakta aongeze watu watano, kilo 325, na magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Jumla inakuwa kilo 2,545, yaani uzito umezidi kwa robo na kidogo. Kwa kanuni ile, robo hiyo moja inatosha kuukata umri wa beringi za gololi kwa nusu. Beringi ambayo ingedumu miaka minne itadumu miwili. Nauli za abiria wale watano, basi, si faida tupu. Sehemu yake ni mkopo ambao beringi itaudai.

DALILI ZA BERINGI INAYOKUFA

Dalili ya kwanza ni sauti. Beringi iliyoanza kulika hutoa mngurumo mzito, mfano wa ndege iliyo mbali, ambao huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka na hupungua gari linapopunguza mwendo. Mngurumo huu haujali gia wala mlio wa injini. Ukiweka gia huru mahali tambarare na salama, gari likawa linaserereka tu, nao ukaendelea vilevile, basi chanzo chake hakiko katika injini.

Watu wengi huichanganya sauti hii na sauti ya matairi. Njia ya kuzitofautisha ni hii: sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika, kwa mfano kutoka lami mbovu kwenda lami laini, bali sauti ya beringi hubaki ileile. Ikiwa shaka bado ipo, badilisha matairi ya mbele na ya nyuma. Sauti ikihama, lawama ni ya tairi. Ikibaki palepale, lawama ni ya beringi.

Dalili ya pili hupatikana kwenye kona. Gari linapopinda kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi wakati wa kupinda kulia, aghalabu beringi mbovu iko kushoto. Ukizidi wakati wa kupinda kushoto, iko kulia. Kipimo hiki husaidia, ingawa hakitoshi peke yake kutoa hukumu.

Dalili nyingine ni joto. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, lina ugonjwa. Ugonjwa huo waweza kuwa beringi, au breki iliyonasa. Vyote viwili vinadai fundi. Tazama pia upande wa ndani wa gurudumu kama kuna grisi iliyotapakaa, maana hiyo ni alama ya sili iliyopasuka. Usukani unaotetemeka, tairi linaloliwa upande mmoja, breki inayohitaji kukanyagwa mara mbili ndipo ishike, na, katika magari ya kisasa, taa ya ABS inayowaka bila sababu iliyo wazi, zote zaweza kuwa lugha ya beringi.

Hapa yafaa wanafamilia washirikishwe. Dereva anayeendesha gari hilohilo kila siku huizoea sauti yake ikiongezeka kidogo kidogo, mpaka haisikii tena. Mke, kaka au mtoto anayepanda mara moja kwa juma huisikia mara moja. Akisema, "Baba, gari linalia," asijibiwe kwamba hajui magari. Ashukuriwe, na gari lipimwe.

KIPIMO CHA JEKI

Kipimo hiki hakihitaji mtambo wa gharama. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Gari liinuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi madhubuti ya chuma. Mtu yeyote asiingize mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililokalishwa juu ya mawe.

Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, ulisukume na kulivuta kwa zamu. Likicheza, shaka huangukia beringi au kiungo cha chini cha mkono wa gurudumu. Kisha ushike kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, aghalabu kosa liko katika viungo vya usukani. Mwombe mwenzako akanyage breki huku ukilitikisa gurudumu: mchezo ukitoweka, dalili za beringi zimezidi kuwa na nguvu, kwa kuwa breki imeishikamanisha habu na sehemu isiyozunguka.

Mwisho, lizungushe gurudumu taratibu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uushike springi ya gurudumu hilo. Beringi nzima haileti habari yoyote mkononi. Beringi iliyokwaruzika huleta mtetemo kama wa mchanga unaosagwa. Mkono hutambua mapema kuliko sikio.

KUCHAGUA BERINGI DUKANI

Ikishathibitika kwamba beringi imekwisha, hakuna dawa nyingine ila kuibadili. Kuiongezea grisi beringi iliyokwisha kulika ni sawa na kumpaka mafuta mtu aliyevunjika mfupa. Suala linalofuata ni kununua, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Jambo la kwanza ni kujua aina. Magari mengi ya mizigo, na pikapu nyingi za zamani, hutumia beringi mbili za rola katika kila gurudumu la mbele, kubwa ndani na ndogo nje, ambazo hukazwa kwa nati na kutiwa grisi upya kila baada ya muda. Magari madogo mengi hutumia beringi moja yenye safu mbili za gololi, iliyofungwa kabisa kiwandani, ambayo hugandamizwa ndani ya kiti chake kwa mtambo wa presi. Aina ya tatu ni habu kamili, ambamo beringi na habu vimeungana, na fundi hufungua bolti tu na kuweka nyingine. Usiende dukani kwa kutaja jina la gari peke yake, maana gari la jina moja laweza kuwa na beringi tofauti kwa mwaka tofauti au injini tofauti. Nenda na namba ya chesisi, au na beringi yenyewe iliyotolewa.

Jambo la pili ni kusoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Namba hiyo si pambo. Katika beringi nyingi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita, kuanzia 04 na kwenda juu. Kwa hiyo 6205 ina tundu la milimita 25, na 30206, ambayo ni ya rola, ina tundu la milimita 30. Beringi nyingi za magurudumu ya magari madogo hutaja vipimo waziwazi: DAC40740040 ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje cha milimita 74 na unene wa milimita 40. Herufi zinazofuata zina maana pia. 2RS ni kwamba kuna sili za mpira pande zote mbili. ZZ ni kwamba pande zote mbili zina vifuniko vya bati. C3 ni kwamba nafasi ya ndani kati ya gololi na pete ni kubwa kuliko ya kawaida. Anayekuambia kwamba "zote zinaingia" anasema kweli kuhusu kuingia, lakini hajasema lolote kuhusu kudumu.

Jambo la tatu ni asili ya bidhaa. Majina yenye sifa duniani, kama SKF ya Sweden, Timken ya Marekani, FAG ya Ujerumani, na NSK, NTN na Koyo za Japani, ndiyo yanayoigizwa zaidi na wadanganyifu. Maandishi yaliyopinda au yanayofutika kwa kidole, tahajia yenye makosa, boksi lenye namba isiyolingana na ya kwenye chuma, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, ni ishara za hatari. Lakini bandia iliyotengenezwa kwa ustadi humpita hata fundi mzoefu, kwa hiyo kinga kubwa ni kununua kwa muuzaji anayejulikana na kudai risiti. Katika duka, mazungumzo yawe ya namna hii:

"Mama, hii ni orijino kabisa, usiwe na wasiwasi."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nionyeshe namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha uniandikie namba hiyohiyo na jina la kampuni kwenye risiti."

Muuzaji mwaminifu hataudhika. Watengenezaji kadhaa wakubwa pia wameweka njia ya kuhakiki bidhaa zao kwa simu, na mnunuzi aliyeuziwa bandia anaweza kuifikisha habari yake Tume ya Ushindani, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, akiwa na risiti yake mkononi.

Vipi kuhusu beringi za mitumba? Hapa yafaa kupambanua. Beringi iliyokwisha kung'olewa kutoka kiti chake kwa presi au nyundo ni hatari, kwa sababu nguvu ya kuing'oa hupita katika gololi na kuacha vishimo vidogo kwenye njia yake, visivyoonekana kwa macho. Itafungwa leo, na baada ya majuma machache itaanza kuunguruma. Mkono mzima wa gurudumu uliotolewa pamoja na beringi yake, bila kuitenganisha, hauna kasoro hiyo. Lakini hakuna ajuaye umebeba nini na kwa miaka mingapi. Beringi mpya ya daraja la kati, yenye mtengenezaji anayejulikana na risiti, ni bora kuliko mtumba wenye jina kubwa.

KUFUNGA KWA HAKI

Beringi nzuri huweza kuuawa siku ileile ya kufungwa. Kanuni kuu ni moja: nguvu ya kugandamiza ipite katika ile pete inayobana, isipite kamwe katika gololi. Beringi ikiingizwa ndani ya kiti chake, isukumwe kwa pete ya nje. Habu au ekseli ikiingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani ndiyo itegemezwe. Fundi anayepiga kwa tindo na nyundo, mara huku mara kule, anachonga vishimo vya mngurumo wa kesho. Kama gereji haina presi, ni heri beringi na mkono wake vipelekwe mahali penye presi, hata ikibidi kusubiri siku moja.

Kwa beringi za rola, koni na kikombe chake hubadilishwa pamoja, kwa kuwa koni mpya juu ya kikombe kilicholika haidumu. Sehemu zote zioshwe na kukaushwa, na sili mpya iwekwe. Grisi iwe ile ya magurudumu inayostahimili joto. Isindikwe kwa kiganja mpaka ipenye kati ya rola zote, bali nafasi iliyo wazi ndani ya habu isijazwe yote, maana grisi iliyozidi huchemka. Grisi za aina mbili zisichanganywe, na ile ya zamani isafishwe yote. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae sawasawa, kisha hulegezwa, na kukazwa tena kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikikazwa mno, beringi huungua. Ikilegea mno, gurudumu hupepesuka. Kotapini iwe mpya daima. Pini hiyo ndogo ya bei ndogo ndiyo inayozuia nati isifunguke njiani.

Beringi zilizofungwa kiwandani hazioshwi kwa petroli wala hazitobolewi kuongezwa grisi. Nati ya ekseli yake hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, kabla gurudumu halijabebeshwa uzito wa gari. Zile zenye pete ya sumaku kwa ajili ya ABS zina upande wake maalumu, unaopaswa kukielekea kihisio. Zikigeuzwa, taa itawaka na mfumo hautafanya kazi.

Iko desturi moja inayostahili kukemewa. Kiti cha beringi kikiwa kimelika na beringi ikaingia bila kubana, baadhi ya watu hukigonga kwa panchi ili kiwe na vinundu, au huweka kipande cha bati la kopo. Beringi itabana siku hiyo, lakini imekaa juu ya vinundu vichache tu, na mzigo wa kwanza utavilaza. Kiti kilicholika hubadilishwa.

Baada ya kufunga, gari lijaribiwe bila abiria, kisha joto la gurudumu lipimwe, na nati za gurudumu zikazwe tena baada ya kilomita chache. Na mwenye gari aidai beringi ya zamani. Ukiitazama pete iliyobadilika rangi kuwa ya bluu, joto ndilo lililoiua. Ukiona kutu, maji ndiyo yaliyoingia. Ukiona vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa, ilipigwa nyundo au ilianguka katika shimo kubwa. Sababu isipoondolewa, beringi mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

IKIKUKUTA NJIANI

Huenda mngurumo ukageuka ghafla kuwa mlio wa chuma kusagana, gurudumu likapepesuka, au harufu ya kuungua ikasikika. Hapo safari imekwisha. Punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka barabarani mahali tambarare, weka alama za tahadhari, na abiria washuke na kusimama mbali na barabara. Usimwagie maji baridi habu yenye moto, kwa sababu chuma chaweza kupasuka na mvuke ukakuunguza. Gari livutwe kwa kuinua gurudumu bovu, au lipakiwe juu ya lori. Kusema "tutafika polepole tu" ni kucheza bahati nasibu na roho za watu: beringi iliyovunjika huweza kukwama na kulifunga gurudumu, au kuila ekseli mpaka gurudumu likachomoka. Gurudumu lililochomoka halichagui njia. Humfuata hata mwenda kwa miguu aliye kando ya barabara.

FEDHA ZA FAMILIA

Gari la biashara ni mfano wa shamba. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hatumii fedha zote za mavuno. Huweka za mbolea na dawa kwa msimu ujao. Vivyo hivyo, mapato ya kila siku ya gari yatengwe sehemu yake, hata ikiwa ndogo, iwekwe katika bahasha au akaunti isiyoguswa kwa matumizi mengine. Na daftari la gari liwepo nyumbani, likionyesha tarehe, kilomita, beringi iliyobadilishwa, jina lake, namba yake na duka ilikonunuliwa. Daftari hilo litawaambia mume na mke ni gurudumu lipi linalokula beringi mara kwa mara, na kama ile ya bei ndogo kweli ilikuwa ya bei ndogo.

Wapo watakaosema kwamba hali ya maisha ni ngumu, na kwamba gari likisimama siku mbili, watoto watalala bila mboga. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini beringi iliyobadilishwa mapema huliweka gari gereji kwa saa chache, katika siku iliyochaguliwa na mwenyewe. Iliyoachwa mpaka ife hulisimamisha gari kwa siku nyingi, katika siku iliyochaguliwa na yenyewe, pengine usiku, pengine penye mteremko, na gari limejaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ufa huo husikika kabla haujaonekana.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya kesho, zima redio kwa dakika tano, funga vioo, na usikilize magurudumu yako. Yakiwa kimya, shukuru na uendelee. Yakinguruma, usipandishe abiria hata mmoja mpaka fundi aliinue gari.